Pete za Shakwe: Nani Atazisoma?

Vitabu vingi vya kiada huwaita "ndege wageni". Mwanafunzi husomeshwa kwamba baridi inapokaza Ulaya, ndege hao hukimbilia kwetu kutafuta joto na chakula, na kwamba baridi ikipungua hurejea "kwao". Nimelifundisha somo hilo hapa Longisa kwa miaka mingi, na kila mwaka neno hilo "mgeni" hunikwama kooni. Wahenga walituambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, kiumbe anayefika Oktoba na kuondoka Machi au Aprili, mwaka baada ya mwaka, kwa muda wote wa uhai wake, tumwite mgeni hadi lini?

Ndege ninayemkusudia hasa ni shakwe mwenye mgongo mweusi. Wasomaji wanaoishi Kisumu, Homa Bay, Mbita au Musoma wanamfahamu kwa sura hata kama hawakupata kuambiwa jina lake. Ni mkubwa kuliko shakwe wa kichwa cha kijivu, ambaye ni mwenyeji wa ziwa mwaka mzima. Mgongo na mabawa yake ni meusi, tumbo ni jeupe pe, miguu ni ya manjano, na mdomo wake, nao wa manjano, una doa jekundu karibu na ncha. Wavuvi wanapoanika omena, yeye huranda karibu nao akivizia nafasi ya kunyakua. Shakwe huyu huanguliwa katika visiwa vya mawe na kando ya maziwa ya Finland na nchi nyingine zinazopakana na Bahari ya Baltiki. Kutoka huko hadi Ziwa Viktoria ni karibu kilomita 7,000 ukipiga mstari ulionyooka, na ndege hapigi mstari ulionyooka. Kaskazini hukaa miezi minne au mitano tu, apate kutaga, kuatamia na kulea. Miezi iliyosalia yumo safarini au yuko huku kwetu, na aghalabu makinda hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza. Kwa hesabu ya siku, basi, ana haki ya kuitwa mwenyeji wa ziwa letu aendaye Finland kuzaa.

Msomaji huenda akauliza mwalimu wa Longisa ana lipi la kusema kuhusu shakwe. Swali ni la haki, maana hapa kwetu shakwe hatumwoni. Tuko ukingoni mwa nchi ya majani chai. Ukipanda kuelekea Kapkoros utaona mashamba ya chai yametandazwa kama mkeka. Ukiteremka kuelekea Mulot utakutana na mahindi, ng'ombe na vumbi la barabara ya Narok. Lakini tumekaa kati ya mito miwili, Nyangores na Amala, na mito hiyo huungana huko chini ikawa Mto Mara. Kila mwanafunzi wangu anaujua Mara kwa sababu ya nyumbu wanaouvuka na watalii wanaowapiga picha. Wachache wanajua unakoishia. Baada ya kupita mbuga ya Maasai Mara na ile ya Serengeti, mto huo wenye urefu wa kilomita 395 hivi humwagika katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma, nchini Tanzania. Maji yaliyooshewa bomba la kunyunyizia dawa shambani Longisa humalizia safari yake katika ziwa lile lile ambamo shakwe wa Finland hujipatia riziki. Hicho ndicho kisa cha mimi kuandika.

Twende kwanza kwenye pete. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao walikwenda wapi. Mwaka 1555, askofu mmoja wa Uswidi, Olaus Magnus, aliandika kwamba mbayuwayu hujificha chini ya maji na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu wakiwa wameshikamana. Watu wazima wenye elimu waliliamini jambo hilo. Kisha mwaka 1822, katika eneo la Mecklenburg, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni. Alikuwa amechomwa huku kwetu, akaruka na mkuki wake hadi Ulaya. Korongo huyo alikaushwa, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Naomba walimu wa historia walifikirie jambo hili: ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba ndege wa Ulaya hufika Afrika uliandikwa na mkono wa Mwafrika, kwa mkuki, na Mwafrika huyo hakuna aliyepata kumwuliza jina.

Aliyebadili mkuki ukawa pete alikuwa mwalimu wa shule. Hans Christian Cornelius Mortensen alifundisha katika mji wa Viborg, Denmark. Mwaka 1899 alitengeneza pete nyepesi za alumini, akazichonga namba na anwani, akawavisha miguuni ndege 165 wa aina ya kwezi wa Ulaya, kisha akawaachilia. Hakuwa na setilaiti wala fedha za wafadhili. Alikuwa na subira, na imani kwamba mtu asiyemjua, mahali asipopajua, angeokota ndege, akasoma namba, akaandika barua. Kazi yote ya kufuatilia ndege imejengwa juu ya imani hiyo. Finland ilianza kuwavisha ndege wake pete mwaka 1913, na pete zake zimeandikwa jina la makumbusho ya Helsinki.

Pete ya chuma ina kasoro moja kubwa. Maandishi yake ni madogo mno, na aghalabu huwezi kuyasoma ila ndege awe mkononi mwako. Ndege wa mwituni huingia mkononi akiwa amenaswa, anaumwa au amekufa. Kwa hiyo pete ya chuma husema mara mbili tu: siku ilipovishwa na siku ilipookotwa. Ni kama kumjua mtu kwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo, bila kujua alioa wapi, alifanya kazi gani, wala alipenda kunywa chai kwa nani. Ndiyo sababu watafiti wa shakwe wakaongeza pete ya pili, ya plastiki yenye rangi na herufi kubwa, inayosomeka kwa darubini hata ndege akiwa mbali. Shakwe mmoja anaweza kusomwa Aprili bandarini kwao, Septemba pwani ya Bahari Nyeusi, Desemba Ziwa Viktoria, na mwakani tena, na mwaka wa tatu tena, bila kuguswa na mtu. Na kwa kuwa shakwe wa jamii hii anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, pete moja yaweza kuwa daftari la maisha mazima.

Siku hizi baadhi yao hubebeshwa mgongoni vifaa vidogo vinavyopeleka habari kwa njia ya setilaiti, na ni vifaa hivyo vilivyothibitisha kwamba wengi wa shakwe wa Finland hushuka Ulaya ya mashariki, hufuata bonde la Nile, na kutua katika eneo la Ziwa Viktoria. Kuna jaribio moja ambalo kila mwalimu wa sayansi anapaswa kulisimulia darasani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwachukua shakwe wazima kutoka Finland na Urusi kaskazini, wakawahamisha kilomita 1,080 upande wa magharibi, nje kabisa ya njia yao, wakawaachilia. Shakwe wasioguswa waligundua kwamba wamepotoshwa, wakaelekea kwenye njia ya jamaa zao. Lakini wale waliokatwa mishipa ya fahamu ya kunusia waliruka kuelekea kusini tu, wasiweze kusahihisha upotovu ule. Yaani, angalau kwa sehemu, shakwe huijua njia yake kwa pua. Wanafunzi wangu walicheka niliposema hivyo. Kisha mmoja akauliza ziwa letu linanuka vipi likiwa bado mbali. Sidhani kuna swali la mtihani lililopata kunipendeza kama hilo.

Sasa nifike penye uchungu. Katika miaka ya 1990, makinda ya shakwe hawa yalikufa kwa wingi katika visiwa vya Ghuba ya Finland, na idadi ya ndege wenyewe imepungua sana katika miongo iliyopita. Walipopimwa, makinda walikutwa na mabaki ya sumu mwilini, zikiwemo kemikali za viwandani na mabaki ya DDT. Sumu za viwandani zilitokana na samaki wa Baltiki, bahari iliyochafuliwa na viwanda vya nchi zinazoizunguka. Kuhusu DDT, baadhi ya watafiti walinyosha kidole kuelekea kusini: walishuku kwamba sehemu yake ndege huiokota katika maeneo wanakokaa wakati wa baridi. Yaani huku kwetu.

Ninalichukua jambo hili kwa uzito, wala silichukui kama tusi. Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1986. Lakini DDT ni sumu isiyokufa upesi. Hukaa udongoni, huteremka na maji, huingia katika mafuta ya samaki, na kutoka kwa samaki huingia kwa anayemla samaki. Mtu wa Longisa hawezi kuapa kwamba majosho ya zamani ya ng'ombe na ghala za zamani hazikuacha kitu. Chai yenyewe haihitaji dawa nyingi za wadudu, na hilo tuliseme kwa haki. Nyanya, kabeji na viazi ni habari nyingine. Mkulima hununua dawa dukani, hupima kwa kizibo cha chupa, hunyunyizia bila glavu, kisha huosha bomba lake mtoni ambako jirani yake huteka maji ya kunywa.

Hata hivyo, tuhuma ni jambo moja na hukumu ni jambo jingine. Ili ujue shakwe aliipata wapi sumu, yakubidi kwanza ujue alikaa wapi: ufuo upi, mwezi upi, alikula nini, alihama lini. Habari hizo za upande wa kaskazini zimejaa makabati kwa makabati, kwa sababu huko kila mpenda ndege, kuanzia mstaafu hadi mtoto wa shule, husoma pete na kupeleka taarifa. Za upande wetu ni haba mno. Katika kesi hii upande mmoja umekuja na mashahidi mia, na upande wa pili hata karani hayupo. Sidai kwamba wenzetu wanatuonea. Ninachodai ni kwamba mtu asiyeweka kumbukumbu za nyumba yake hupangiwa habari zake na jirani, na jirani hata awe mwema kiasi gani, huitazama nyumba hiyo kupitia dirisha lake mwenyewe.

Na uhaba huu hautokani na uvivu peke yake. Unatokana pia na hofu. Nilipata kumsikia mtu katika soko la Mulot akieleza kwa sauti ya uhakika kwamba ndege mwenye pete ni ndege aliyetumwa na mchawi. Mwingine akasema la, ni wa serikali, na ukipatikana naye utafungwa. Kati ya mchawi na serikali, aliyeokota pete aliona heri kuitupa. Tusiwacheke. Mwaka 2013, huko Qena, Misri, korongo aliyekuwa amebebeshwa kifaa cha kumfuatilia alikamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kwa kushukiwa kuwa jasusi. Korongo huyo, aliyepewa jina Menes, alikuwa amewekewa kifaa hicho na watafiti wa Hungary. Aliachiliwa, na muda si muda akafa. Pale ambapo hakuna aliyeeleza maana ya pete, kila mtu hujitungia maana yake.

Lakini liko tukio la nyumbani linaloonyesha upande wa pili. Januari 2022, katika Kaunti ya Siaya, wanakijiji walimwona ndege mkubwa amedhoofika asiweze kuruka. Alikuwa ospri, ndege mla samaki anayewinda kwa kujirusha majini. Mguuni alikuwa na pete. Hawakumla wala hawakuitupa pete. Waliwaita maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, pete ikasomwa, ikajulikana kwamba ndege alitoka Finland, umbali wa kilomita 6,948. Alipelekwa kutibiwa Naivasha na kwa bahati mbaya akafa. Habari yake ilienea duniani kote. Nilivutiwa zaidi na wale wanakijiji kuliko na umbali aliosafiri ndege, kwa maana wao ndio yule mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana, ambaye Mortensen alimtumainia mwaka 1899.

Wala Kenya si mgeni katika fani hii. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakikesha usiku wenye ukungu wa Novemba na Desemba. Taa za hoteli iliyo juu ya mlima huwavuta ndege wadogo waliokuwa wakipita gizani kutoka kaskazini. Hunaswa katika nyavu laini, huvishwa pete, hupimwa uzito na huachiliwa. Zaidi ya ndege nusu milioni wamekwisha kuvishwa pete hapo, na baadhi ya pete hizo zimepatikana Arabuni, Asia ya Kati na Urusi. Ni mojawapo ya kazi kubwa za namna hiyo barani Afrika. Nimewauliza walimu wenzangu, wa Jiografia na wa Sayansi, kama wanaijua Ngulia. Waliiijua kama hoteli.

Najua yatakayosemwa. Kwamba shule yenye wanafunzi 70 katika darasa moja, isiyo na maabara wala vyoo vya kutosha, haina wakati wa kuhangaikia miguu ya ndege. Kwamba mtihani hauulizi hayo. Kwamba hizi ni anasa za wazungu. Hoja ya kwanza ni nzito, nami ninaishi ndani yake kila siku. Lakini kusoma pete ni miongoni mwa masomo machache ya sayansi yasiyohitaji maabara. Mtaala wa sasa wa umilisi unadai mwanafunzi achunguze, aandike na awasiliane. Hapa anachunguza kitu halisi, anaandika kitu ambacho hakuna mwingine duniani aliyekiandika siku ile, na anapojibiwa anapata historia ya ndege huyo tangu kiotani. Kuhusu anasa za wazungu, nitamjibu mhusika kwamba babu zetu Wakipsigis waliwachukua wanyama na ndege kuwa alama za koo, korongo mwenye taji akiwa miongoni mwao. Walimwangalia ndege kwa makini kabla ya kumpa heshima hiyo. Kuangalia ndege hakukuletwa na meli.

Shule zilizo kando ya ziwa, za Dunga, Mbita, Homa Bay, na za wenzetu wa Musoma na Entebbe, zina bahati kuliko sisi. Shakwe hutua gatini mita chache kutoka kwa watoto, na simu yenye kamera nzuri mara nyingine hufanya kazi ya darubini. Sisi wa Longisa tutabaki na makorongo weupe, ambao hushuka mashambani, hasa viwavijeshi wanapovamia mahindi na ngano upande wa Narok. Wengi wao huvishwa pete Ulaya, nao pia hupewa pete zenye herufi kubwa zinazosomeka kwa mbali. Miguu ya korongo ni mirefu na hana haraka ya kuruka. Mtoto mwenye utulivu atamsogelea kiasi cha kusoma. Zaidi ya hayo tunao mto, na hili nalisisitiza kwa walimu wa Bomet nzima. Shule ya Longisa na shule ya Musoma zikiandikiana barua, moja ikieleza kinachoingia mtoni na nyingine ikieleza ni ndege gani wanakula pale mto unapomwagikia, tutakuwa tumeanza kukusanya ushahidi ambao hadi leo hatuna.

Kwa mwalimu atakayetaka kuanza Oktoba ijayo, yanayohitajika ni haya tu. Mwanafunzi aandike aina ya ndege, au amweleze tu kama hajui jina. Aandike rangi ya pete na rangi ya herufi zake, na kama pete iko mguu wa kushoto au wa kulia, akikumbuka kwamba ni kushoto kwa ndege, si kwa anayetazama. Aandike herufi na namba kama alivyoziona, na asibahatishe aliyoshindwa kuisoma. Penye shaka aweke nukta. Aandike tarehe, saa na mahali, jina la ufuo au la shamba, na ndege alikuwa akifanya nini. Taarifa ipelekwe Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, sehemu ya ndege, au kwa makumbusho ambayo jina lake limeandikwa juu ya pete. Mwisho liandikwe jina la aliyeisoma, nalo liwe jina la mwanafunzi, si la mwalimu wake.